Kiapo cha Taa ya Injini

Sleiman hakuwa na sababu ya kuinama dirishani kwa gari yake siku ile. Aliinama kwa mazoea tu, mazoea ya mtu mwenye mali anayependa kuitazama mali yake, na ndipo alipoiona taa. Ilikuwa taa ndogo ya rangi ya chungwa, imechorwa umbo la injini, inawaka kwenye deshibodi. Gari imesimama Malindi ya Unguja, pale njia ya gari inapokomea na vichochoro vinapoanza, mbele ya nyumba yake na mbele ya baraza iliyojaa wanaume waliotoka kusali Alasiri. Injini ilikuwa bado inanguruma. Amjad, ndugu wa mkewe, ambaye ndiye dereva, alikuwa ametia mguu mmoja nje.

“Hii nini?” Sleiman aliuliza.

“Imewaka leo, shemeji, nilipokuwa nawapeleka wageni wa hoteli Uroa. Nlikuwa nakuja kukwambia.”

“Imewaka hivi hivi?”

“Hivi hivi. Gari haina neno, inavuta kama siku zote. Jana nlitia globu za deshibodi, maana zilikuwa zimekufa, usiku mtu huoni hata mafuta. Kila tundu lisilokuwa na globu nkalitia mpya. Leo ndiyo nkaiona hii.”

Sleiman akanyamaza. Alinyamaza kitambo kizuri, macho yake hayatoki kwenye taa. Waliokuwapo barazani baadaye walikukumbuka kunyamaza kule, na kila mmoja akakueleza anavyotaka yeye. Kisha akajinyoosha mgongo, akaanza kupiga kelele.

Alisema Amjad ameuza vifaa vya gari. Alisema vifaa vya asili vimekwenda kwa mafundi wa mitaa ya Ng'ambo na gari yake imejazwa makorokoro. Alisema amempa kazi kwa kuwa ni shemeji, amemtoa barazani alipokuwa akihesabu wapita njia, na haya ndiyo malipo yake. Amjad alisimama na ufunguo mkononi, mtu mzima, mkewe mjamzito nyumbani, anatabasamu lile tabasamu la mtu anayengoja mzaha uishe.

“Shemeji, wallahi sijagusa kitu.”

“Usiape! Mie ndiye nitakayeapa.” Sleiman akawageukia wanaume wa barazani, akainua kidole juu. “Sikilizeni nyote mliopo. Mke wangu Ibtisam kaachika, talaka ya tatu, kama gari hii hakuiharibu Amjad!”

Kete ya dhumna iliyokuwa ikishuka ikabakia hewani mkononi mwa mtu. Muuza kahawa akaacha kugonganisha vikombe. Juu, nyuma ya dirisha la ghorofa ya kwanza, Ibtisam alikuwa anachagua mchele kwenye ungo, na alisikia kila neno, kwa sababu Sleiman alikuwa amesema kwa sauti ya kusikiwa.

Talaka ya kwanza aliipata kwa mchuzi wa papa uliozidi chumvi siku ya wageni. Ya pili aliipata kwa kwenda arusini Mangapwani na kurudi Isha imeshaadhiniwa. Mara zote mbili Sleiman alilia, akamrejea. Ya tatu haina kurejewa. Ya tatu, mwanamke huenda zake, na hawezi kurudi mpaka aolewe na mume mwingine naye amuache. Ibtisam aliuweka ungo chini polepole, kama unaoweza kupasuka.

*

Maalim Tahir, imamu wa msikiti wa mtaani, alikuwapo barazani na hakuweza kujifanya hakusikia. Alimwita Sleiman pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini ambayo kabla ya Magharibi ilikuwa imeshafika Darajani.

“Umeifunga ndoa yako kwenye gari, mwanangu. Kama Amjad kaiharibu, mkeo ni mkeo. Kama hakuiharibu, mkeo kaachika tangu pale ulipofunga mdomo. Ukweli anaujua Mungu, na pengine na fundi. Ipeleke ikapimwe. Mpaka hapo usimguse.”

Basi Bi Mwanaasha, mamake Sleiman, akakunja shuka na mto wa Ibtisam, akavipeleka kwenye kijichumba cha juu kinachowekwa magunia ya mkaa.

“Mie sikufukuzi, mwanangu,” alisema, huku akipangusa godoro kwa kanga. “Lakini kitanda kile sasa hivi hatujui cha nani. Tungoje tusikie gari itasemaje.”

Na mji mzima ukangoja kusikia gari itasemaje. Hakuna watu wanaopenda msiba wenye kuchekesha kama watu wa mjini, na huu ulikuwa msiba wa kuchekesha hasa. Ibtisam akitoka kununua mkate, Sichana wa mikate ya kumimina humuuliza, “Bibi wee, taa imesemaje?” Wanawake waliokuwa foleni huinamisha nyuso kwenye mabuibui yao, mabega yakawacheza. Kijana mmoja aliyekuwa anaosha pikipiki alimwambia mwenzake, kwa sauti, kwamba yeye akioa atanunua baskeli, haina taa.

Hayo angeyameza. Lakini siku moja Basma, binti yake wa miaka minane, alirudi chuoni na msahafu kifuani, hakuvua hata viatu.

“Mama, wewe mke wa baba au si mke wa baba?”

“Nani kakuuliza?”

“Wote.”

Ibtisam alimvua mtandio, akamchana nywele zisizotaka kuchanwa. Alikuwa hana pa kwenda. Wazazi wameshatangulia, nyumba yao ya Kiponda ilianguka masika ya mwaka juzi, na ndugu yake pekee ni huyo huyo Amjad mwenye chumba kimoja cha kupanga Kwahani. Akiachika, Basma na mdogo wake Tamim watabaki kwa Bi Mwanaasha, yeye atawaona sikukuu mpaka sikukuu, kama shangazi wa shamba. Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa. Kumkosa Sleiman mwenyewe, Mungu amsamehe, hakukumtisha sana.

Akasali. Katika sijda ya mwisho alijisikia anasema, “Mola wangu, ndugu yangu awe ameiba.” Alipoinua kichwa alikuwa ameona haya mbele ya ukuta.

*

Fundi Kificho alikuwa na gereji yake Mwembemakumbi, chini ya mabati yaliyotoboka. Kwanza aliifanyia gari dawa wanayoifanya mafundi wote, akaondoa waya wa betri, akavuta sigara, akarudisha waya. Taa ikazimika. Alipokwenda nayo mpaka Amani na kurudi, ikawaka tena. Gari hizi mpya zilizokuwa zikiletwa kutoka Dubai zilikuwa zina ubongo wake, na ubongo haufunguliwi kwa spana. Ikabidi angoje mashine ya kupimia, ambayo binamu yake wa Dar es Salaam alikuwa akiiazimisha kama bibi anavyoazimisha dhahabu yake ya arusi.

Ibtisam alimfuata siku ile ile aliposikia mashine imekuja. Alimkuta amekaa juu ya tairi, anafuta mikono kwa petroli.

“Fundi, nambie mie kwanza.”

Kificho alimtazama, akatazama barabarani. “Bi Ibtisam, haya mambo ya wanaume.”

“Yamekuwaje ya wanaume na anayelala na magunia ya mkaa ni mimi?”

Fundi akashusha pumzi. “Haya. Mashine inasema kuna kifaa cha ekzosi kimekufa, kile kinachonusa moshi. Nkaingia chini kukitazama. Ni kile kile kilichotoka nacho Japani. Bolti zake zimeshikana kwa kutu, haijapita spana hapo tangu gari kuundwa. Hakuna aliyeuza kitu.”

“Mbona taa imewaka sasa?”

“Ilikuwa iwake tangu zamani. Mtu kaitoa globu yake akaliziba tundu kwa tepu nyeusi. Wanafanya sana hivyo, mtu akitaka gari ionekane nzima. Nduguyo akaja akabandua tepu, akatia globu. Taa kaiwasha yeye, kweli. Lakini ugonjwa kaukuta.”

“Nani aliyeitoa globu?”

“Hilo mashine haijui.”

Ibtisam alishika nguzo ya banda. Basi ameachika. Ameachika tangu siku ile na ungo wa mchele mapajani, na hakuna anayejua ila yeye, fundi huyu na Mungu. Alielewa vyema kwamba kutoka hapo kila neno atakalolisema ni dhambi, na akalisema.

“Sema ni Amjad.”

“Ati nini?”

“Ijumaa utaulizwa barazani. Sema kaondoa kifaa katia kibovu. Nnakuomba, fundi. Nina watoto wawili.”

“Dada yangu, unanitaka nimwite mtu mwizi, na mie nshaona kwa macho yangu kuwa si mwizi?” Kificho alirusha kitambaa chini. “Siwezi. Nna Mola wangu na mie.” Ibtisam hakuondoka. Alisimama pale pale, machozi yanamtiririka wala hayafuti, mpaka wateja wawili wakaanza kugeuza shingo. Fundi akaona aibu. “Nisikilize. Amjad mwenyewe akija akisema ni yeye, mie nitafumba mdomo. Zaidi ya hapo usinitake.”

*

Chumba cha Amjad kilikuwa na kitanda, kabati lisilofunga na jiko la mkaa mlangoni. Wanu, mkewe, alikuwa anakuna nazi, ameketi kwenye mbuzi kwa ubavu kwa ajili ya tumbo. Tangu Sleiman alipomnyang'anya ufunguo, Amjad alikuwa hana kazi, lakini meneja wa hoteli ya Uroa, aliyokuwa akiibebea wageni, alikuwa amemwambia angoje, mambo yakisafika atampa gari ya hoteli yenyewe aendeshe. Ndilo tumaini lililokuwa likiwalaza na kuwaamsha.

Ibtisam aliwaeleza yote, hakuficha hata la tepu. Amjad alipiga mapaja kwa furaha.

“Alhamdulillahi! Si nlikwambia, Wanu? Mie sikugusa kitu!” Halafu akaona uso wa dada yake, furaha ikamkauka. “Lo. Basi wewe…”

“Mie ndiyo basi. Ila ukisema ni wewe.”

Wanu aliacha kukuna.

“Niseme nimefanya nini, dada?”

“Useme umekiuza kile kifaa ukatia kibovu.”

“Niseme mie mwizi.”

“Mara moja tu, Amjad. Barazani. Watu watasema wiki moja, kisha watapata jingine.”

“Wifi,” Wanu alisema bila kuinua macho, “hoteli haimpi mwizi gari.”

“Nnajua.”

“Unajua, na umekuja.”

“Nimekuja,” Ibtisam alisema. “Nipigeni, nitukaneni, lakini nimekuja. Basma ananiuliza mie mke au si mke. Nikitoka nyumba ile sitawalea wanangu. Mama alipokufa, nani aliyekuosha wewe, Amjad? Nani aliyekupeleka chuoni?”

Hili alikuwa ameapa njiani kwamba hatalisema. Amjad alitazama mikono yake, mikono mizuri ya dereva, safi, kucha zimekatwa. Nje mtu alikuwa anauza kuku, anamsifu kuku wake mmoja kwa jina.

“Haya,” alisema.

Wanu alinyanyuka kwenye mbuzi, akaimwaga nazi yote pamoja na maji yake kwenye karai la taka, akatoka nje.

*

Ijumaa baraza haikutosha, watu wengine walisimama. Sleiman alikuja na kanzu mpya, ananukia udi, na aliyemjua vizuri angesema ana uso wa mtu anayekwenda kupokea kitu. Fundi Kificho aliulizwa mashine imesemaje. Alisema kuna kifaa kimekufa, akatazama viatu vyake. Maalim Tahir akamuuliza kimekufa vipi, kwa mkono wa mtu au kwa uzee? Kabla fundi hajafungua mdomo Amjad akasimama.

“Mimi ndiye. Nilikiuza cha asili, nikatia kibovu. Namuomba shemeji yangu radhi, na nyinyi nyote.”

Lilipita giza usoni kwa Sleiman. Ibtisam, aliyekuwa akichungulia juu dirishani, aliliona, hakulielewa. Alidhani ni hasira.

“Umesema wewe?” Sleiman aliuliza.

“Mimi.”

“Hebu fikiri, Amjad. Hakuna anayekulazimisha. Una hakika ni wewe?”

“Nna hakika, shemeji.”

Mzee mmoja akatema mate kando. Mwingine akasema kumbe hata sura nzuri zinaiba. Dereva wa hoteli aliyekuwa amesimama nyuma, ambaye hakuna aliyemwalika, alitoa simu yake ya mkononi na kusogea pembeni, na Amjad alimwona. Maalim Tahir aliinua mikono, akashukuru. Ndoa imesimama, alisema. Sleiman, mkeo ni mkeo. Watu walimpa Sleiman mkono wa kheri, naye aliipokea mikono yote, huku Amjad akipita katikati yao kama mtu anayepita kwenye miiba, kila kanzu ikijivuta isimguse.

Juu, Bi Mwanaasha alishakunjua shuka na kulitandika mwenyewe kwenye kitanda kikubwa. Alitia na asumini.

*

Sleiman alipanda baada ya Alasiri, akafunga mlango. Ibtisam alikuwa amevaa gauni la kijani ambalo yeye alilipenda zamani. Aliketi ukingoni mwa kitanda.

“Ondoka hapo,” Sleiman alisema.

“Maalim kasema…”

“Maalim hajui. Ondoka kitandani, Ibtisam, usinitie dhambini. Amjad hakuiharibu ile gari.”

Alikwenda dirishani, akampa mgongo, na maneno mengine yote aliyasema akitazama nje.

“Ile globu niliitoa mimi. Taa ilikuwa inawaka tangu gari inashuka melini. Nikaona hoteli haitaikubali kuchukua wageni wake. Nikaitoa kwa mkono wangu, nikatia tepu.”

Ibtisam alichelewa kuelewa, si kwa ujinga, bali kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa kubwa kupita mlango. “Basi siku ile uliapa, na huku unajua?”

“Naliapa nnajua.”

“Kwa nini usiniache tu? Mdomo unao.”

“Mara mbili nishaacha. Watu wanasema mie mtu wa ovyo.” Akakuna ndevu. “Kuna watu Mkokotoni, wana binti yao, Rukaiya. Hawataki mke mwenza, wala hawampi mtu anayeacha bila sababu. Nikaona hii ni kudura. Fundi atafungua, itaonekana si Amjad, watu watasema masikini Sleiman, ulimi umemponza. Kumbe wewe ukaenda ukamleta nduguyo aseme uongo.”

Hapo ndipo alipogeuka kumtazama, na uso wake ulikuwa umejaa uchungu wa kweli, uchungu wa mtu aliyedhulumiwa.

“Wewe ulijua kuwa kiapo kimekushika. Fundi alikwambia. Na ukataka nije nilale na wewe hivi hivi, tuzini, na asumini ya mama kitandani? Huna hofu ya Mungu?”

Ibtisam alinyanyuka kitandani. Alitaka kucheka, na kama angecheka asingeacha.

“Waambie watu basi,” alisema mwisho. “Nimeachika, sawa. Nenda barazani useme Amjad si mwizi.”

“Nimwambie nani kuwa niliapa uongo? Amjad kakiri mwenyewe mbele ya msikiti mzima. Mie nilimpa nafasi, nilimuuliza mara mbili.” Akachukua kofia yake kwenye msumari. “Na sasa sababu nnayo, nzuri kuliko ile. Nitasema siwezi kukaa na dada wa mwizi. Hakuna atakayenilaumu. Hata mama. Watoto waache wamalize kula, usiwalize.”

*

Aliteremka na furushi moja la nguo alilolifunga kwa kanga. Bi Mwanaasha, aliyekwisha kuambiwa, alikuwa amemshika Tamim mapajani na kumziba masikio, kama vile masikio ndiyo yatakayomuumiza. Basma alisimama juu ya ngazi.

“Mama, fundi si kasema wewe mke?”

“Rudi ndani, mwanangu.”

Nje Sleiman alikuwa anawasha gari, anakwenda Mkokotoni kabla jua halijazama. Ibtisam alilazimika kupita ubavuni, hakuna njia nyingine pale. Kioo kilikuwa chini. Deshibodi yote ilikuwa inawaka vizuri, mafuta, spidi, saa. Taa ya chungwa haikuwapo, mahali pake palikuwa peusi tena. Sichana wa mikate ya kumimina alimwona na furushi, na safari hii hakumuuliza kitu. Alimwita mwenzake ndani aje atazame.

Alitembea mpaka Kwahani kwa miguu. Amjad alikuwa ameketi mlangoni na shati lile lile la barazani, simu imelala kando yake. Alipomwona dada yake anakuja alijitahidi, akatabasamu.

“Hoteli wameshapiga,” alisema. “Basi tena. Lakini Maalim kanambia ndoa imesimama. Basi si bure, dada. Mie nimeridhika. Watoto hawajambo?”

Ibtisam alisimama mbele yake, akatafuta pa kuanzia. Amjad alikuwa bado anatabasamu macho yake yalipoteremka na kuliona furushi. Nyuma yake Wanu alitokea, mkono kiunoni, akalitazama furushi, akamtazama wifi yake toka kichwani hadi vumbi la miguuni. Aliingia ndani. Wakamsikia anaburura kitanda, anakisogeza ukutani, anatafuta nafasi ya mtu wa tatu.